Chai ya Longjing na ganuni ya marehemu baba: wewe chai yako inakupigia muziki gani?

BintiMkunazini (bandiko la 1)

Assalaam alaykum wanajukwaa, na jioni njema kwa wote.

Naandika kutoka Yiwu, mkoa wa Zhejiang, China. Wengi wenu mnaofuata bidhaa huku mnaujua mji huu. Kila mwaka naingia mwanzoni mwa Aprili, nanunua vyombo vya nyumbani, halafu nashuka Guangzhou kwenye maonyesho makubwa yanayofunguliwa tarehe 15. Safari hii nilibakiwa na siku mbili za bure. Mkalimani wangu akaniambia, "Dada, miaka yote unakuja huku na chai hujaionja." Nikamwambia nakunywa kila siku. Akatikisa kichwa, akaenda kukata tiketi.

Treni ya kasi kutoka Yiwu mpaka Hangzhou haifiki saa moja. Tukachukua basi linalopita kando ya Ziwa la Magharibi, tukapanda nalo vilimani. Kijiji kinaitwa Longjing, maana yake Kisima cha Joka, na chai imechukua jina la kijiji. Michai imepandwa kwenye matuta kama ngazi, inakufika kiunoni, na wachumaji walikuwa wanakimbizana na tarehe. Wachina wana siku yao inaitwa Qingming, tarehe 4 au 5 Aprili, siku ya kwenda kufagia makaburi ya wazee. Majani yaliyochumwa kabla ya siku hiyo ndiyo yenye bei ya juu kabisa: kichipukizi na jani moja au mawili machanga, yaliyokua taratibu katika baridi. Joto likishapanda majani nayo yanaharakisha kukua, na ule ulaini unapungua.

Nilishuhudia yakikaangwa. Karai kubwa limezamishwa ndani ya meza, linapashwa kwa umeme, na mzee mwenye nyumba anaingiza mkono mtupu. Anayakandamiza majani kwenye ukingo wa karai, anayavuta, anayarusha, anayageuza, ndiyo maana jani la Longjing likikauka huwa bapa kama limepigwa pasi. Joto hilo ndilo linaloua vimeng'enya vya ndani ya jani. Bila hivyo jani lingeendelea kugeuka rangi mpaka likawa chai yetu tuliyoizoea. Yanakaangwa, yanapumzishwa, yanarudishwa karaini mara ya pili. Kilo nne au tano za majani mabichi zinakupa kilo moja ya makavu, na mkono wa yule mzee umekuwa mgumu kama gome.

Akanitilia kwenye bilauri ya kioo, bila chujio wala mfuniko. Maji hayakuwa ya kuchemka. Aliyaacha yapoe mpaka kama nyuzi 80. Kwanza akamwaga kidogo ya kulowesha, akaizungusha bilauri, akanipa ninuse. Harufu ya kunde changa zinapoanza kuiva chunguni, na nyuma yake korosho iliyobanikwa. Kisha akajaza. Majani yakasimama wima ndani ya maji, halafu moja moja yakaanza kushuka.

Nikanywa. Nasema kweli, sikuhisi kitu. Maji ya moto yenye harufu. Mimi nimelelewa na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, chai inayokusalimu kabla hujaitia mdomoni. Nikawa natafuta neno la adabu la kumwambia mwenyeji. Nikameza. Mdomo ukiwa mtupu, ndipo kitu kikaja. Utamu usio wa sukari ukapanda kutoka kooni, ukafika nyuma ya ulimi, ukakaa hapo. Wenyewe wanauita huigan, utamu unaorudi.

Nikasikia ganuni.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga ganuni. Mchana karani, usiku taarabu, na hakuwa na jina kubwa. Kwa asiyekijua chombo hiki: kinalazwa mapajani, kina nyuzi kama 78 zilizopangwa tatu tatu, na zinapigwa kwa vijiti vidogo vilivyobanwa na pete kwenye vidole viwili vya shahada. Siku zisizo na mazoezi, baada ya isha, alikuwa akipiga taksimu peke yake pale ukumbini. Taksimu haina maneno wala ngoma. Mpigaji anaitembea maqamu, yaani mpangilio wa noti wenye tabia yake, anaonyesha njia zake, kabla wimbo haujaanza. Baba akimaliza hakuondoa mikono. Aliiacha juu ya nyuzi bila kuzigusa, na sisi watoto hatukuwa na ruhusa ya kunyanyuka. Siku moja nikamuuliza tunangoja nini. Akasema, "Tunangoja ifike."

Sikumwelewa. Mimi niliona sauti imeshapigwa na imeshakwisha.

Huu ni mwaka wa sita tangu afariki. Nimewahi kukaa na kanda zake usiku kucha nisimsikie, na nimekuja kumsikia nikiwa na bilauri mkononi katika kijiji cha watu wengine, siku mbili kabla ya siku yao ya makaburi.

Ndio maana nimefungua uzi huu. Je, kuna chai, au kinywaji chochote cha taratibu, kinachokuletea muziki? Upi? Na unadhani kwa nini huo na si mwingine?

Kijana_Sinza (bandiko la 2)

Pole kwa kumpoteza mzee, dada. Samahani nikiuliza nje kidogo ya mada: hii ndiyo ile chai ya kijani wanayosema inapunguza tumbo? Na kwa huku Dar naipataje ya kweli?

BintiMkunazini (bandiko la 3)

Ahsante kaka. Kuhusu tumbo, siinywi kwa ajili hiyo na nisingependa kukuahidi kitu. Ya kweli ni ghali hata hukohuko inakotoka, kwa sababu eneo linaloruhusiwa kuiita chai yake "Longjing ya Ziwa la Magharibi" ni kilomita za mraba 168 tu. Nje ya hapo kuna Longjing za sehemu nyingine za Zhejiang, nazo nzuri. Tazama rangi: jani lenye kijani kilichoiva kidogo kuelekea manjano. Likiwa kijani cha kung'aa kama rangi ya kupaka, liache. Na kokote utakakoipata, tafadhali usiichemshe.

MkaziKericho (bandiko la 4)

Dada, salamu kutoka Kericho. Nimefanya kazi kiwanda cha majani chai miaka 11, nimesoma bandiko lako mara mbili. Naongeza jambo, na pia napinga jambo.

La kuongeza. Chai ya kijani na ya rangi zinatoka kwenye mmea mmoja. Kinachozitenganisha ni saa chache baada ya kuchumwa. Kwenu huko jani linapata moto mapema. Kwetu jani linanyaushwa, linapita kwenye mashine za kukata, kuchana na kukunja, zile tunazoziita CTC, linatoka punje punje, linaachwa hewani mpaka ligeuke rangi ya shaba, ndipo linakaushwa. Punje ile inatoa rangi kwa dakika mbili na ina nguvu ya kubeba maziwa. Hivyo ndivyo sehemu kubwa sana ya chai ya Kenya inavyotengenezwa. Tena michai yetu mingi ni ya ukoo wa Assam, jani pana lililojaa katekini, kemikali zenye uchungu na ukakasi. Ukitengeneza ya kijani kutokana na jani hilo unapata ukakasi unaokamata ulimi pande zote. Nimeonja ya hapa kwetu, na ile ya zambarau ambayo aina yake ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011. Hazifanani na unachokieleza. Lile la Longjing ni jani dogo la Kichina, limezoea baridi, na hukaa na theanini yake, kemikali yenye ladha ya utamu. Nadhani sehemu ya utamu wako inatoka huko.

La kupinga. Umeandika kama vile chai inayochelewa ndiyo yenye kina, na inayokusalimu mlangoni ni ya juu juu. Sikubali. Chai ya kwetu inapimwa kwa ukali wake, wepesi wake, mng'ao wake kikombeni, na wapo waonjaji wanaotumia maisha yao yote kutofautisha vitu hivyo. Tangu ilipopandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, imejengwa iwe ya mbele, kwa sababu ndivyo ilivyohitajika.

Muziki wangu? Zamu ya usiku, feni za kunyaushia zinatoa noti moja ndefu, haipandi wala haishuki, mpaka asubuhi. Wenzangu wa upande wa mashine wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini na wote wanaanzia kwenye noti ile ya feni bila kujua. Nikinywa chai ya kiwandani saa tisa usiku, yenye maziwa, hiyo ndiyo ninayosikia. Inaingia yote kwa mara moja, kama kwaya.

BintiMkunazini (bandiko la 5)

MkaziKericho, umenisahihisha na nimepokea. Chai ya mama yangu ya iliki siwezi kuiita ya juu juu. Nilichotaka kusema ni kwamba niliihukumu ile ya kijani kabla haijamaliza kusema.

Hiyo ya kwaya inayoanzia kwenye noti ya feni niliisoma jana kwa sauti mbele ya mkalimani wangu, nikamtafsiria. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema kesho yake lazima anipeleke mahali, na leo tumekwenda. Kwa hiyo naendelea na habari ya siku ya pili.

Alinipeleka nyumba ya chai karibu na ziwa. Kulikuwa na mwanamke anapiga chombo ambacho sikuwahi kukiona kwa macho. Kwa herufi za Kilatini wanakiandika guqin, kinatamkwa guchini, na mimi nitaandika guchini. Ni ubao mrefu wa kama mita moja na robo, umelazwa mezani, una nyuzi saba tu. Pembeni zimepachikwa alama 13 za chaza. Zamani nyuzi zilikuwa za hariri; siku hizi nyingi ni za chuma zilizofungwa nailoni. Sauti yake ni ndogo sana. Watu wawili wakiongea meza ya pili huisikii.

Kina sauti za namna tatu. Uzi ulioachwa wazi, mzito, kama mtu anayeguna kifuani. Uzi uliogusiwa juu juu kwenye alama, unatoa sauti nyembamba kama kengele ndogo. Na ya tatu, uzi uliobanwa kwa mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo iliyonifanya niweke bilauri chini. Mkono wa kulia unapiga mara moja tu. Wa kushoto unateleza juu ya uzi, unapanda, unarudi, unatetemeka, na unaendelea kuteleza hata sauti ikiwa imefifia kabisa. Mwishoni unachosikia ni ngozi ya kidole ikipita kwenye uzi. Halafu hata hiyo inakwisha, na kidole bado kinakwenda. Unamtazama kwa macho, na sikio linaimalizia noti lenyewe.

Nilimuuliza mpigaji, kwa kupitia mkalimani, anajuaje ateleze kwa muda gani. Akanionyesha maandishi yao ya muziki. Yanaeleza uzi upi, kidole kipi, mahali gani. Muda hayasemi. Kila mpigaji anaufanyia kazi mwenyewe, au anaupata kwa mwalimu wake. Hangzhou ilikuwa mji mkuu wa enzi ya Song ya Kusini, ikiitwa Lin'an, na wapigaji wa hapa walikuwa na mtindo wao uliochukua jina la mkoa huu wa Zhe. Na huenda wengine hamjui kwamba guchini imetoka nje ya dunia: mwaka 1977 Wamarekani waliporusha vyombo vya angani vya Voyager, kwenye ile santuri ya dhahabu iliyobeba sauti za dunia waliweka wimbo wa Maji Yatiririkayo, umepigwa na Guan Pinghu, dakika saba na nusu na kidogo.

Baba hakuwahi kuisikia guchini. Nina hakika kwa sababu ningejua. Kila chombo kigeni alichokisikia redioni alitusimulia. Lakini ile mikono aliyoiacha juu ya nyuzi ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo. Ganuni sauti yake inakatika mapema, ndiyo maana wapigaji wengi wanaurudia uzi haraka haraka ili noti isife. Yeye mwishoni hakuurudia. Aliuacha ufe, akaulinda.

AshaYuko_Fukuoka (bandiko la 6)

Dada nashukuru kwa uzi huu, nimeusoma nikiwa maktaba. Mimi nasoma Japani, Fukuoka, na kusini mwa mkoa huu kuna Yame, wanakolima gyokuro. Nimeona nilete ya upande huu kwa sababu yangu haikufanya kama yako.

Gyokuro inafunikwa. Siku kama 20 kabla ya kuchumwa, mashamba yanawekewa vivuli, kwa wakulima wa kale ni mikeka ya majani makavu, jua lisiifikie michai. Ukilinyima jani jua, theanini haigeuki kuwa katekini, inabaki. Tena theanini yenyewe iligunduliwa kwenye gyokuro, mwaka 1949. Na hapa Japani hawalikaangi jani karaini. Wanalipitisha kwenye mvuke. Ndiyo maana halinuki korosho, linanuka bahari.

Nilialikwa na mama mwenye nyumba ninayopanga. Kibirika chake kinatosha kwenye kiganja. Majani mengi, maji kidogo mno, ya nyuzi 50 au 60. Dakika mbili. Akanipa kikombe chenye mafunda matatu. Nilidhani amenipa supu. Ni nzito, inakaa juu ya ulimi, ina ule utamu wa mchuzi ambao Profesa Ikeda Kikunae aliupa jina la umami mwaka 1908. Kwetu Mwanza ningeufananisha na mchuzi wa sato uliochemshwa kwa chumvi tu, bila nyanya wala kitunguu. Hakuna kungoja. Imefika tangu ilipogusa mdomo.

Na muziki ulionijia ni pumzi. Wana filimbi ya mwanzi, shakuhachi, urefu kama sentimita 54, matundu manne mbele na moja nyuma. Zamani ilipigwa na watawa waliotembea wamevaa vikapu vinavyofunika kichwa chote, mpaka serikali ilipoivunja madhehebu yao mwaka 1871. Kwao kupiga kulikuwa ibada. Noti moja ni pumzi moja. Unasikia hewa ikiingia kwenye mwanzi kabla ya noti, unaisikia ndani ya noti, unaisikia ikitoka. Gyokuro kwangu ni hiyo: noti na pumzi havitengani. Kwa hiyo labda jani lililokaangwa lina sauti ya uzi, na lililopitishwa kwenye mvuke lina sauti ya hewa. Sijui kama nimeeleweka.

BintiMkunazini (bandiko la 7)

Umeeleweka sana mdogo wangu, tena mfano wa sato umenifikisha Mwanza na sijawahi kufika.

Mvumi_Dom (bandiko la 8)

Mimi chai hizi sijazionja, nisiseme uongo. Nimeingia kwa sababu ya neno la marehemu, "tunangoja ifike."

Babu yangu alipiga ilimba, marimba yetu ya Kigogo ya vidole. Kwenye ubao kuna tundu, na tundu lile linazibwa kwa utando mweupe wa buibui. Ukibonyeza chuma kwa dole gumba unapata noti, na utando unatetemeka nyuma yake, unanguruma kidogo kidogo. Mgeni akisikia anadhani chombo kina kasoro. Babu utando ukitoboka alikuwa hapigi. Alitutuma tukatafute buibui kwenye kuta za ghala, na tulikaa siku nzima bila muziki kuliko kusikia noti kavu.

Nadhani huo utamu wa kooni ndio utando.

MzeeNgamiani (bandiko la 9)

Mwanangu BintiMkunazini, Mungu amrehemu baba yako. Mimi ni mtu wa Tanga, nimepiga fidla na baadaye ganuni, sasa vidole vimekaza. Nimewaachia vijana.

Ganuni kwetu pwani imekuja na heshima yake. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma mtu Cairo kwenda kujifunza, naye akarudi akafundisha. Kikundi cha Ikhwani Safaa, Unguja, kimeanza 1905 na bado kipo. Kwa hiyo unapozungumza habari ya taksimu unazungumza habari ya watu wengi waliokaa chini na kunyamaza.

Ila nikurekebishe kidogo. Umeisifu ile mikono ya mwisho mpaka umeisahau safari. Sauti haifiki kwa kungojwa tu. Taksimu ina mlango: mpigaji anaanza chini, anakutambulisha nyumbani. Kisha anapanda, anatoka, anaweza kupita maqamu nyingine kama mtu anayepita kwa jirani. Anafika juu kabisa, roho za watu zimesimama. Ndipo anarudi, na anakufungia kwa kafla, pale wasikilizaji wanasema Allah. Bila kupanda kule, huo ukimya wa mwisho ni ukimya wa chumba kitupu. Baba yako aliulinda ukimya kwa sababu alikuwa ameshaujaza.

Sasa nakuuliza maswali mawili. Umetusimulia funda la kwanza la bilauri ya kwanza. La pili lilikuwaje, na la tatu? Na maqamu gani? Mpigaji hawezi kusema "nilisikia ganuni" basi. Ni kama mtu kusema "nilisikia mtu anaongea."

BintiMkunazini (bandiko la 10)

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa na maswali yako siku nzima, na nimerudia chai ili nisijibu kwa kubuni. Nilinunua gramu 50, nimetumia tatu usiku huu hapa hotelini, kwenye bilauri, maji nimeyaacha mpaka naweza kuishika birika ubavuni kwa sekunde mbili.

Kwanza, hawamalizi bilauri. Unakunywa, inabaki theluthi moja, unaongeza maji. Kwa hiyo ya pili inajengwa juu ya ya kwanza. Niliyokuelezeni kijijini ni mlango tu, umesema kweli. Ya pili ndiyo inayopanda. Majani yote yameshashuka, rangi imekolea kuwa kama ya zabibu ya kijani, na ukakasi unaingia pembeni mwa ulimi, kidogo, kama mtu aliyekushika mkono akaubana. Hapo kinywa kinataka kukataa. Halafu unameza, na ule utamu unakuja mkubwa kuliko wa mara ya kwanza, kwa sababu umetoka mahali pagumu. Ya tatu imeshuka. Ukakasi haupo, harufu haipo, maji matamu tu. Hiyo ndiyo kafla. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kumlilia baba, nikairuka katikati.

Maqamu. Nilidhani Rasti, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiitumia kutufundishia. Lakini Rasti imesimama, ina miguu ya uhakika, na chai hii haina miguu ya namna hiyo. Nimejaribu kuimba Bayati polepole, inakaribia, ila ina huzuni ambayo sikuionja. Nadhani ni Sika, mzee wangu. Nyumbani kwa Sika ni ile noti iliyo katikati, kati ya mi na mi iliyoshushwa, ambayo kinanda cha kizungu hakina kidude cha kuibonyeza. Unaanzia mahali ambapo si juu si chini, na sikio linapaswa kukubali kwamba hapo ndipo kwao. Chai hii si tamu na si chungu. Inakaa hapo katikati na haikuombi radhi.

Niambie kama nimekosea.

Kijana_Sinza (bandiko la 11)

Wakuu, nilinunua chai ya kijani dukani, ya pakiti, nikaiweka kwenye sufuria ikachemka kama dakika kumi. Nimeinywa kwa shida, chungu kama mwarobaini. Nimekumbuka dada alinikataza. Sijasikia muziki wowote, lakini nataka kuelewa nimekosea wapi hasa.

MkaziKericho (bandiko la 12)

Ndugu, theanini inatoka hata kwenye maji ya uvuguvugu. Katekini na kafeini, zenye uchungu na ukakasi, zinahitaji joto. Ukichemsha, unavitoa vyote vya uchungu kwa dakika kumi na utamu unazama chini yake. Chemsha maji peke yake, zima jiko, mimina kwenye bakuli, hesabu dakika tano, ndipo utie majani. Dakika mbili, chuja, kunywa. Ya pakiti haitakuwa Longjing, lakini haitakuwa mwarobaini.

Na dada, nimeijaribu njia yako hiyo kwa jani la kwetu la kijani, maji nyuzi 70 badala ya 90. Ukakasi umebaki, ila umechelewa. Umekuja baada ya kumeza. Sikujua kwamba jani letu linaweza kungoja.

MzeeNgamiani (bandiko la 13)

Marahaba mwanangu. Kwenye Sika hukukosea. Baba yako angekuuliza kwa nini umechukua siku nzima, lakini angefurahi.

Wapigaji wengi huifunga taksimu ya Sika upesi, maana ile noti ya nyumbani inaogopesha kuikalia. Unahisi kama watu watadhani hujatuna chombo. Anayeiacha ife taratibu anaiamini. Ganuni yake ipo wapi sasa?

BintiMkunazini (bandiko la 14)

Ipo nyumbani, juu ya kabati la mama, imefunikwa kitambaa cheupe. Nyuzi 11 zimekatika, na ile ngozi ya samaki chini ya daraja imepata ufa upande wa sauti nzito. Hakuna aliyeigusa. Kila nikitoka safari nasema nitaitengeneza, halafu naona kuifunua ni kama kumfunua yeye.

Kesho nashuka Guangzhou, nikimaliza narudi Unguja. Chai imebaki gramu 47 ndani ya kopo. Mzee wangu, nyuzi za ganuni siku hizi zinapatikana wapi?

MzeeNgamiani (bandiko la 15)

Ngozi kuna fundi hapa Tanga anaiweza, tumeshawahi kumpelekea. Nyuzi ninazo seti moja nzima, nilijiwekea akiba kabla vidole havijanikataa. Panda boti uje nayo, usiitume kwa mizigo. Na kopo lako uje nalo. Maji nitayachemsha mimi baada ya isha, nitayaacha yapoe.

BintiMkunazini (bandiko la 16)

Nakuja, mzee wangu. Nimemwambia mama sasa hivi kwa simu. Amesema kitambaa atakiondoa yeye mwenyewe.